Tunda la Bei Kubwa Linakupa Nini Ambacho Pera Halikupi?

Wiki mbili zilizopita nilisimama mbele ya genge la matunda karibu na kituo ninaposhukia kila jioni. Muuzaji alikuwa amepanga matunda sita mekundu yenye magamba ya kijani, kila moja limevishwa neti nyeupe ya povu lisije likachubuka. "Dada, hili ndilo lenyewe," aliniambia, akilishika kwa mikono miwili. "Linashusha sukari, linashusha presha, linasafisha damu, na kansa haikai. Ukila hili, habari za hospitali utazisikia kwa jirani."

Niliuliza bei. Tunda moja lilikuwa sawa na mafungu manne ya mapera yaliyopangwa chini, juu ya kiroba. Nilipoyauliza mapera, sifa aliyoyapa ilikuwa moja tu: "Hayo ya leo, mama."

Tunda lile jekundu ni pitaya, ambalo sokoni wengi sasa wanaliita dragoni. Ni tunda la mmea wa jamii ya dungusi kakati, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati. Siku hizi linalimwa pia Kenya na Tanzania, na kila anayeliuza ana orodha yake ya magonjwa. Jioni ileile, kwenye kundi la familia la WhatsApp, ukaingia ujumbe mwingine uliozungushwa mara nyingi: stafeli linaua saratani kwa nguvu mara 10,000 kuliko kemotherapia, na madaktari wanatuficha. Ujumbe huo nilikuwa na sababu ya kuusoma kwa uchungu. Nitaieleza.

Watu wengi wananiuliza kama matunda haya ya kigeni kweli ni dawa. Jibu haliwezi kuwa ndiyo wala hapana, kwa sababu ndani ya swali hilo kuna maswali matatu au manne yaliyofungwa kwenye kitambaa kimoja. Tuyafungue moja moja.

Mgeni ni nani?

Tunda la kigeni ni tunda ambalo mahali ulipo halijazoeleka, basi. Ugeni hauko ndani ya tunda, uko machoni mwa mlaji. Shokishoki kwa mtoto wa Unguja ni kitu cha kumenya njiani akitoka madrasa. Likifika kwenye duka kubwa la Ulaya linafungwa matano kwenye kiboksi cha plastiki na kuitwa tunda la ajabu kutoka nchi za joto. Doriani ni vilevile, fenesi ni vilevile.

Na yale tunayoyaita yetu? Nanasi, papai, pera, pasheni, parachichi na stafeli yote asili yake ni Amerika, yakavuka bahari baada ya Wareno na Wahispania kuanza safari zao. Embe na fenesi chimbuko lake ni Bara Hindi na nchi jirani, chungwa lilitoka upande wa China, ndizi Asia ya Kusini-Mashariki. Bibi zetu waliyapokea, wakayapanda nyuma ya nyumba, ugeni ukaisha. Wenyeji halisi wa Afrika ni ubuyu, ukwaju, mabungo, tikiti maji, na yale matunda ya porini ambayo watoto wa shule huyajua kuliko walimu wao.

Nimeanza hapa kwa sababu tumbo halisomi pasipoti. Vitamini C ya kiwi ya New Zealand na vitamini C ya pera la Morogoro ni kitu kimoja, molekuli ileile. Kinachotofautiana ni kiasi.

Ndani ya tunda kuna nini

Tunda kwa kawaida ni maji kwanza. Mara nyingi sehemu nane kati ya kumi au zaidi ya uzito wake ni maji. Kisha kuna sukari, nyuzinyuzi, vitamini na madini, na mwisho kuna kemikali nyingi ndogondogo za mmea zinazotoa rangi, harufu, uchachu na ukakasi. Maneno yote makubwa unayosikia kuhusu matunda yanatoka kwenye mafungu haya.

Chukua vitamini C. Katika kila gramu 100 za tunda bichi, pera lina miligramu zipatazo 228, kiwi 93, papai karibu 60, chungwa 53, embe 36. Tufaha, lile jekundu linalong'aa ambalo tunampelekea mgonjwa hospitalini kama ishara ya heshima, lina chini ya miligramu 5. Dragoni kwa kawaida lina kidogo kuliko chungwa. Mtu mzima, kwa viwango vya Marekani, anahitaji kati ya miligramu 75 na 90 kwa siku. Kwa hiyo pera moja la wastani, lile la kwenye kiroba, linamaliza hitaji la siku nzima na chenji inabaki.

Je, chenji hiyo inafaa kitu? Hapa ndipo watu wengi hupotea, na pwani yetu ina kisa kinachosaidia kuelewa. Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga Mombasa zikiwa na mabaharia wanaoumwa kiseyeye: ufizi umevimba hadi kufunika meno, miguu na mikono imefura. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa mengi, malimau na miwa. Mwandishi wa kumbukumbu za safari ile aliandika kwamba wagonjwa wao wote walipona pale mjini, akaishukuru hali nzuri ya hewa. Leo tukisoma tunayaona machungwa. Ilibidi ipite zaidi ya karne mbili hadi mwaka 1747, daktari wa meli Mskoti James Lind alipowagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, kila jozi ikapewa kitu chake, na waliopewa machungwa na malimau ndio walioinuka haraka. Vitamini C yenyewe ilikuja kutambuliwa kwenye miaka ya 1930.

Machungwa yale yalifanya kitu kinachofanana na muujiza kwa sababu miili ile ilikuwa imekaukiwa kitu kimoja. Mtungi mtupu ukiutia maji unafurahi. Mtungi uliojaa ukiendelea kuumiminia, maji yanamwagika sakafuni, na vitamini C ya ziada mwili huimwaga kwa njia ya mkojo. Anayekula pera, chungwa au papai mara kwa mara hana pengo la kuzibwa na tunda la bei kubwa. Asiyekula tunda lolote wiki nzima, huyo ndiye ambaye tunda lolote, hata ndimu kwenye kachumbari, litamfaa kweli.

Nyuzinyuzi nazo watu huzidharau kwa sababu hazina jina la kuvutia. Ni zile sehemu za tunda ambazo tumbo haliwezi kuzisaga. Zinapita, na zikipita zinalainisha choo, zinawalisha bakteria wema wa utumbo mpana, na zinaizuia sukari ya tunda isiingie kwenye damu kwa mkupuo. Pasheni likiliwa na mbegu zake lina gramu 10 hivi katika kila 100, pera lina 5, dragoni karibu 3. Hapa dragoni linajitahidi. Si tunda baya hata kidogo: lina maji mengi, halina sukari ya kutisha, na mbegu zake nyeusi zinatafunika vizuri. Ila ukila lile lenye nyama nyekundu, usishtuke kesho yake mkojo au choo kikiwa na wekundu. Ni rangi ile ile ya jamii ya kiazisukari chekundu, bitiruti. Namfahamu mama mmoja aliyekwenda kupima damu kwenye mkojo kwa hofu hiyo, akalipia vipimo, akarudi na majibu kwamba hana tatizo lolote.

Kuna faida nyingine ambayo kwa jikoni zetu naiona kubwa kuliko zote, na huwezi kuisikia gengeni. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, kunde na mchicha huingia mwilini kwa shida. Vitamini C ikiwepo kwenye mlo huohuo, yanaingia kwa wingi zaidi. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake, inayazuia. Kwa nyumba yenye mama mjamzito au binti aliyevunja ungo, ambao upungufu wa damu huwaandama, chungwa au pera mara baada ya ugali na maharage, na chai ikasogezwa mbele saa moja au mbili, ni jambo la maana sana.

Supafudi na antioksidanti

Neno supafudi limeingia kwenye Kiswahili chetu cha mitandaoni likimaanisha chakula chenye nguvu kupita vingine. Si neno la kisayansi. Hakuna kipimo ambacho chakula kikikivuka kinatunukiwa jina hilo. Ni neno la wauzaji. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2007, kampuni haiwezi kubandika dai la afya kwenye pakiti bila dai hilo kuidhinishwa kwa ushahidi.

Antioksidanti, kwa upande wake, ni kitu cha kweli. Kata parachichi uliache mezani: baada ya muda linageuka kahawia. Hewa imelichoma polepole. Likamulie ndimu, linakaa na rangi yake muda mrefu zaidi. Ndani ya mwili pia kuna uchomaji wa namna hiyo kila dakika, na kemikali zinazoupunguza ndizo antioksidanti. Vitamini C ni mojawapo, na rangi nyingi za matunda ziko kundi hilo.

Tatizo ni hatua inayofuata. Watu walichukua juisi za matunda, wakazipima kwenye vichupa vya maabara, wakazipanga kwa alama, kisha wafanyabiashara wakasema tunda lenye alama nyingi ndilo litakalokulinda zaidi. Lakini kichupa hakina tumbo, ini wala figo. Kemikali nyingi za rangi ya matunda huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno, na mwili huzigeuza mara tu zinapoingia. Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyokuwa imechapisha jedwali la alama hizo, ililiondoa mwaka 2012, ikisema alama zilikuwa zinatumiwa vibaya na hazionyeshi faida kwa afya ya binadamu. Jedwali limeondolewa, matangazo yanaendelea kulinukuu.

Ubuyu wetu umepita njia hiyo. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe huko kama chakula kipya, na sasa uko kwenye pakiti ndogo nzuri, kijiko kwa kijiko, wakisema una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Hilo ni kweli ukipima gramu 100 kwa gramu 100. Lakini ubuyu ni unga mkavu, chungwa ni maji matupu. Ukikausha chungwa nalo lingepanda chati. Kijiko cha ubuyu kwenye uji ni gramu chache tu, nawe unakula chungwa zima. Naupenda ubuyu, una nyuzinyuzi nyingi na una kalsiamu. Ila naomba tusichanganye unga mweupe wa ubuyu na ule wa kumumunya uliopikwa kwa sukari na rangi nyekundu. Ule ni peremende yenye mbegu.

Stafeli na zile mara 10,000

Sasa nirudi kwenye ujumbe wa familia. Miaka michache nyuma shangazi yangu alipata uvimbe kwenye titi. Hakumwambia mtu. Jirani alimpa majani ya mstafeli na maelekezo: chemsha, kunywa asubuhi na jioni. Alikunywa miezi minne. Nilipokwenda kumsalimia nilikuta sufuria la maji ya kahawia jikoni, limefunikwa kwa kawa, na harufu yake ya majani yaliyoiva imejaa nyumba. Aliponiambia ni ya nini, uvimbe ulikuwa umefika ukubwa wa ndimu.

Kwa hiyo nilitaka kujua ile namba imetoka wapi, na imetoka mahali halisi. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha kazi yao juu ya kemikali walizozitenga kutoka kwenye mbegu za stafeli. Moja ya kemikali hizo, ikiwekwa kwenye chembe hai (seli) za saratani ya utumbo mpana zilizooteshwa maabara, ilikuwa na nguvu mara 10,000 ya dawa moja ya saratani iitwayo adriamisini. Hapo ndipo namba ilipozaliwa.

Sasa tazama kilichoachwa njiani. Ni kemikali iliyotengwa na kusafishwa, wala si tunda. Ilitoka kwenye mbegu, zile ambazo sote tunazitema, na tunafanya vyema kuzitema kwa sababu zina sumu. Ni chembe kwenye kisahani cha maabara, si titi la mtu. Kuua chembe kwenye kisahani ni rahisi: jiki inaziua, chumvi nyingi inaziua, maji ya moto yanaziua. Kazi ngumu ya dawa ni kuua chembe mbaya na kuziacha nzuri, ndani ya mtu anayepumua, kwa kipimo kinachojulikana. Hadi leo hakuna utafiti kwa wagonjwa ulioonyesha kwamba stafeli, majani yake au mizizi yake, inaponya saratani.

Na kuna upande wa pili usiozungushwa kwenye simu. Katika kisiwa cha Guadeloupe, Karibi, madaktari waligundua wagonjwa wengi kuliko kawaida wenye ugonjwa unaofanana na Parkinson, yule mtu anayekakamaa, anayetembea kwa kujivuta na kupoteza mizani, lakini wasiosaidiwa na dawa zake za kawaida. Mwaka 1999 waliripoti kwamba wengi wao walikuwa watumiaji wakubwa wa matunda na chai ya majani ya jamii ya stafeli na topetope. Mshukiwa ni anonasini, kemikali inayozima kinu cha nishati ndani ya chembe hai, ikiwemo chembe ya ubongo. Utafiti wa namna ile hauthibitishi chanzo moja kwa moja, na sisemi anayekula kipande cha stafeli msimu wake umefika atadhurika. Nasema kwamba ile nguvu ya kuua chembe inayosifiwa kwenye ujumbe ni nguvu hiyohiyo. Haina macho ya kutambua ipi ni ya saratani na ipi ni ya ubongo. Anayekunywa majani yake kila siku kwa miezi anacheza na jambo zito.

Wanaosema madaktari wanaficha wanapaswa kujua pia kwamba dawa kadhaa za saratani zimetoka kwenye mimea, hadharani kabisa. Vinkristini inatokana na ua la vinka, lile la waridi na jeupe linalojiotea kwenye viambaza vya nyumba zetu za pwani. Mmea ukionyesha uwezo, hauachwi. Hutengwa, hupimwa, hupewa kipimo.

Tunda zuri, mlaji mwingine

Faida ya tunda inategemea pia anayelikula. Jambo hili linaniumiza kwa sababu madhara yake yanaepukika kabisa.

Karambola, lile tunda la manjano ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, linapendeza kwenye sahani na wengi wanalipanda kama pambo. Kwa mtu mwenye figo nzima halina neno likiliwa kwa kiasi. Kwa mtu ambaye figo zake zimechoka, tunda moja, wakati mwingine hata nusu, limeshasababisha kwikwi zisizokoma, kuchanganyikiwa, mitukutiko ya kifafa na kifo. Mwaka 2013 watafiti wa Brazil waliitambua sumu yenyewe, wakaiita karamboksini. Figo nzima huichuja ikatoka. Figo mbovu huiacha ipande hadi kwenye ubongo. Mgonjwa wa figo asile karambola, hata kuonja.

Ndugu yake wa karibu tunaye kila siku: birimbi. Kwenye achari na mchuzi wa samaki, kiasi kile hakina shida kwa mtu mzima wa afya. Lakini huko Kerala, India, madaktari waliripoti wagonjwa 10 walioingia hospitali kwa figo kufeli ghafla baada ya kunywa juisi nzito ya birimbi, na baadhi walilazimika kusafishwa damu kwa mashine. Walikuwa wakiinywa kama dawa ya kushusha lehemu, yaani kolesteroli kwenye damu. Asidi ya oksaliki iliyomo ndani yake hugeuka fuwele kama chembe za mchanga na kuziba vijia vya figo. Chakula kile kile, kilipohamishwa kutoka kwenye kijiko cha achari hadi kwenye bilauri ya dawa, kiligeuka.

Balungi lina hadithi yake. Mwaka 1989, David Bailey na wenzake huko London ya Ontario, Kanada, walichapisha jambo walilolikuta kwa bahati. Walikuwa wakipima dawa ya presha iitwayo felodipini pamoja na pombe, wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe. Dawa ikapanda kwenye damu ya watu kupita matarajio yote. Sababu iko kwenye ukuta wa utumbo. Pale kuna kimeng'enya kinachofanya kazi ya mlinzi getini: sehemu ya dawa unayomeza hukamatwa na kuvunjwa kabla haijapita, na kipimo cha kidonge kimepangwa kwa kulihesabia hilo. Balungi linamwondoa mlinzi kazini. Sehemu kubwa zaidi ya dawa inapita, na kidonge kimoja kinakuwa kama umemeza viwili au vitatu. Mlinzi mpya huchukua siku moja hadi tatu kurudi, kwa hiyo kula balungi asubuhi na dawa jioni hakusaidii.

Dawa zinazoguswa ni pamoja na nifedipini na felodipini za presha, na simvastatini na atorvastatini za lehemu. Danzi lina tabia hiyohiyo. Chungwa tamu la kawaida halina. Ukiandikiwa dawa mpya, muulize mfamasia swali hili moja: "Naruhusiwa balungi?"

Kisa cha watoto wa Muzaffarpur, jimbo la Bihar nchini India, sitakirefusha. Ni eneo la mashamba ya lichi, tunda dogo la jamii ya shokishoki. Kila msimu watoto walikuwa wakiamka alfajiri na degedege, wengi wakifa. Mwaka 2014 walilazwa 390 na kufariki 122. Maelezo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba lichi lina kemikali zinazouzuia mwili kutengeneza sukari yake wenyewe. Mtoto aliyeshiba chakula cha usiku haimsumbui. Mtoto wa maskini aliyeshinda bustanini akila lichi, akalala bila kula, sukari yake ilishuka usiku hadi ubongo ukazimika. Ushauri uliotolewa kwa wazazi ulikuwa ni kuwapa watoto chakula cha jioni na kupunguza lichi.

Na wenye sukari?

Wengi wenye kisukari wameambiwa waache matunda matamu kabisa, kisha wanauziwa juisi ya tunda la kigeni kama tiba. Mambo yamegeuzwa kichwa chini. Utafiti uliochapishwa 2013, uliofuatilia watu 187,382 nchini Marekani, ulikuta kwamba waliokula matunda mazima zaidi, hasa buluberi, zabibu na matufaha, walipata kisukari cha aina ya pili kwa uchache zaidi, na waliokunywa juisi zaidi walipata kwa wingi zaidi. Haithibitishi kila kitu, lakini inaendana na kinachoonekana jikoni. Bilauri moja ya juisi ya chungwa inameza machungwa matatu au manne. Nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio, sukari yote inashuka kwa nusu dakika. Ungeketi kuyamenya na kuyatafuna yote manne, ungetosheka kabla ya la tatu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari ya juisi pamoja na sukari ya kuongeza, hata kama hukutia hata kijiko. Mwenye kisukari anaweza kula tunda zima kwa kiasi: kipande cha papai, pera moja, chungwa moja, akipima sukari yake aone mwili wake unajibuje.

Shirika hilohilo linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, sawa na sehemu tano za gramu 80. Halijataja tunda lolote kwa jina.

Shangazi alikubali kwenda hospitali wiki ileile niliyoliona lile sufuria. Alifanyiwa upasuaji, akapitia kemotherapia, nywele zikatoka, zikaota tena, sasa zina mvi zaidi. Miezi minne ile ilimgharimu: matibabu yake yalikuwa mazito kuliko ambavyo yangekuwa. Mstafeli bado umesimama uani kwake. Mwezi uliopita nilimkuta amekaa kwenye mkeka, tunda limeiva hadi ganda linabonyea, analipasua kwa vidole na kumega nyama nyeupe, mbegu anazitema kwenye kisosi kando. Alinimegea pande kubwa. "Kula mwanangu," alisema, "tamu hili mwaka huu."